Kitendawili si Kitanzi

Kila panapotajwa watu wanaokesha mbele ya kompyuta wakitunga skripti za sheli zilizopindwa na kusokotwa kupita haja, hukumu inayosikika ni moja tu: upuuzi. Wanaoitoa ni watu wenye heshima zao. Wamo walimu wa kompyuta, wamo wakubwa wa maofisini, na wamo pia, kwa masikitiko, baadhi yetu sisi tunaojinasibu kuwa ni wapenzi wa fasihi. Husema: kwa nini mtu aandike mistari arubaini kwa kazi ambayo mstari mmoja ungeitosheleza? Kwa nini atoke Malindi kwenda Forodhani kwa kuzungukia Bungi? Kwa nini afunge fundo pasipo mzigo?

Makala haya yamekusudiwa kuwajibu watu hao. Na yanawajibu katika kurasa za mashairi, wala si katika jarida la mafundi, kwa sababu mashtaka wanayoshtakiwa watunga skripti ndiyo yaleyale tuliyokwisha kushtakiwa sisi. Anayemcheka mtu kwa kujifunga kwa hiari katika lugha ya kompyuta hatakawia kumcheka anayehesabu mizani kwa vidole. Swali lake ni lilelile: ya nini taabu yote hiyo, na maneno ya kawaida yapo? Hata hivyo, sikusudii kuwatetea watunzi hao kwa kufumba macho. Upo mchezo wa mafumbo, na upo udanganyifu unaojivika nguo za mchezo. Asiyeweza kuvitenganisha viwili hivyo hafai kuwa wakili wala hakimu. Nadai kwamba kipimo cha kuvitenganishia tunacho wenyewe, tumekirithi kwa bibi zetu, nacho ni sheria ya kitendawili.

Natuanze na kitu chenyewe, kwani si kila mpenzi wa mashairi aliyepata kukiona. Sheli ni programu inayokaa baina ya mtu na kiini cha mfumo wa kompyuta. Jina lake kwa Kiingereza ndilo hilohilo la gamba la kome au kauri linaloachwa na maji ufukweni, na limestahiki: kiini kimo ndani, gamba liko nje, na mtu hakifikii kiini ila kwa kupitia gamba. Hapana picha za kubonyeza. Ni maandishi matupu. Mtu huandika amri, nayo sheli huitekeleza: orodhesha mafaili, hesabu mistari, panga majina kwa alfabeti. Amri zikiandikwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mfuatano, hiyo ndiyo skripti. Ni chombo cha kazi kama vile jahazi na jembe. Usiku, wenyewe wakiwa wamelala, skripti ndizo zinazonakili kumbukumbu za ofisi, zikafuta yaliyopitwa na wakati na kuandaa hesabu za asubuhi.

Mfumo wa Unix, ambao ndio ukoo wa sheli hizi, ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 uliongezewa kitu alichokipendekeza mwenzao Doug McIlroy, nacho ni bomba: kijistari kimoja cha wima kinachounganisha amri mbili, hata kinachotoka katika amri ya kwanza kikawa ndicho kinachoingia katika ya pili, na kinachotoka katika ya pili kikaingia katika ya tatu. Mshairi hahitaji kuelezwa zaidi. Hilo ni pindu. Katika pindu mwisho wa ubeti mmoja ndio mwanzo wa ubeti unaofuata, na utungo mzima hushikana kama mkufu. Mafundi wa Marekani walilifikia kwa njia yao umbo ambalo washairi wa mwambao walikuwa nalo siku nyingi.

Wala hayakuishia hapo. Mwaka 1979 Stephen Bourne, wa maabara hiyohiyo, alitoa sheli iliyobeba jina lake, na sheli nyingi za leo zimeifuata, ikiwamo Bash iliyotungwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989. Bourne alikuwa mpenzi wa lugha ya kompyuta iitwayo ALGOL 68, akachukua kwake desturi moja: neno linalofungua sharti hufungwa kwa neno lilelile likiandikwa kinyumenyume. “If” hufungwa kwa “fi”, na “case” hufungwa kwa “esac”. Hata “do” ingefungwa kwa “od”, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na amri nyingine, ikabidi pawekwe “done”. Watoto wa mwambao, ambao katika kusema kinyume humwita samaki “kisama” ili wakubwa wasifahamu, wangejiona wako nyumbani. Sisi tunageuza silabi na wao wakageuza herufi, lakini utani ni mmoja. Basi asije mtu akasema kwamba mchezo umeletwa na vijana wavivu wa siku hizi. Mchezo umo ndani ya gamba tangu lilipoumbwa.

Na mchezo wenyewe unakuwaje? Chukueni mfano mmoja unaojulikana sana baina ya wapenzi wa Bash: kutunga skripti isiyokuwa na herufi hata moja ya alfabeti wala tarakimu hata moja. Ni alama tupu: dola, mabano, vistari, reli. Mtu atadhani haiwezekani, maana amri zina majina, na majina yana herufi. Mtunzi huanza hivi. Iko alama inayojibu ni vitu vingapi skripti imekabidhiwa ilipoitwa. Ikiwa haikukabidhiwa kitu, jibu ni 0. Kisha iko namna ya kuuliza: jibu hilo lina urefu wa herufi ngapi? Sifuri huandikwa kwa herufi moja, basi jibu ni 1. Sasa mtunzi ana 0 na ana 1, na hajaandika tarakimu yoyote. Akijumlisha moja na moja hupata mbili, na kwa njia hiyo huzipata namba zote. Na kwa kuwa kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake (A kubwa, mathalan, katika hesabu ya msingi wa nane ni 101), mwenye namba ana herufi, na mwenye herufi ana amri. Mwishowe skripti ile, ambayo kwa macho inafanana na nyayo za kaa mchangani, huitekeleza kazi yake. Na kazi hiyo aghalabu ni kuchapisha neno moja la salamu.

“Salamu tu?” anauliza mshtaki. Naam, salamu tu. Lakini kabla hajacheka, naamwangalie huyu. Al-Hariri wa Basra, aliyezaliwa mwaka 1054 na kufariki 1122, alitia katika Maqamat zake khutba nzima iliyoandikwa kwa herufi zisizo nukta, yaani kwa alifu, dali, lamu, mimu, wau na nduguze, pasi na be wala te wala nuni. Pahala pengine akatunga waraka ambao herufi zote za neno moja zina nukta, na herufi zote za neno linalofuata hazina. Mwishoni mwa karne ya 16, huko Bara Hindi, mshairi Faydi wa baraza la Mfalme Akbar aliandika tafsiri nzima ya Kurani kwa Kiarabu kisichokuwa na herufi yenye nukta. Na mwaka 1969, mwaka uleule wa kuanza Unix, Mfaransa Georges Perec alitoa riwaya ndefu, La Disparition, isiyokuwa na herufi “e”, ambayo ndiyo itumikayo kuliko zote katika lugha yake. Nani atawaambia hawa kwamba wangesema yaleyale kwa wepesi lau wangeziruhusu herufi zote? Wao wenyewe walilijua hilo kabla yetu.

Nasi tusijitoe. Mwenye kutunga takhmisa huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaiongezea mitatu ya kwake, na vina vyake vikalazimika kuvitii vya mwenziwe. Mwenye kutunga kwa alifu-be-te hulazimika kuanza kila ubeti kwa herufi ambayo zamu yake imefika, apende asipende. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni za utungaji mwaka 1954, hakuziandika kwa kuwa watu walishindwa kuelewana bila ya vina. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ukazuka ule ugomvi wa kanuni na guni ambao cheche zake hazijazimika, upande mmoja uliziita kanuni pingu na upande wa pili ukaziita uti wa mgongo. Mimi nasema pande zote mbili zilisahau neno moja, nalo ni hiari. Pingu ni ile unayofungwa na mwingine. Aliyejifunga mwenyewe, akiwa na ufunguo mfukoni, anacheza. Na katika kucheza anajifunza viungo vya mwili wake.

Hapo ndipo ilipo faida ya taabu hii. Kina kigumu humlazimisha mshairi kufungua makasha ya msamiati ambayo asingeyafungua, akakutana na neno la bibi yake lililokuwa limelala. Vivyo hivyo, mtunga skripti aliyejinyima herufi hulazimika kujua sheli huanza kutafsiri nini na humalizia nini: vipi inayatanua mabano, lini inahesabu, wapi inalikata neno moja likawa mawili. Hayo ni mambo ambayo mwandishi wa kawaida huyapita bila ya kuyaona, mpaka siku faili lenye nafasi katikati ya jina lake likahesabiwa kuwa ni mafaili mawili, na amri ya kufuta ikafuta kisichofutwa. Aliyecheza huyajua kabla ya msiba. Lakini sitaki kuutetea mchezo kwa faida zake peke yake, maana huko ni kukubali kiini cha mashtaka: kwamba kila kitu lazima kilipe kodi ya manufaa ndipo kiruhusiwe kuishi. Watu hucheza kwa sababu ni watu.

Washtaki wana shahidi wao mkubwa, nami nitamwita mwenyewe. Mwaka 1986 Jon Bentley, katika safu yake ndani ya jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth atunge programu ya kusoma matini na kutoa maneno yanayotumika zaidi, pamoja na hesabu ya kila moja. Knuth alikuwa amebuni njia ya kuandika programu kama inavyoandikwa insha, maelezo na amri vikifuatana ili asome binadamu kwanza na kompyuta baadaye. Akaleta kazi ya kurasa nyingi, iliyopambwa kila kona, na ndani yake mna mpangilio wa kuhifadhi maneno alioutengeneza kwa ustadi khasa kwa kazi hiyo. McIlroy, yule mwenye bomba, akapewa kuihakiki. Aliisifu, kisha akaonyesha kwamba kazi hiyohiyo hufanywa na amri sita za sheli zilizounganishwa kwa bomba: vunja matini iwe neno moja kwa kila mstari, geuza herufi kubwa ziwe ndogo, panga, hesabu yanayofanana, panga tena kwa hesabu, kata ya juu. Programu ya Knuth akaifananisha na yai la Fabergé, yale mayai ya vito waliyotengenezewa wafalme wa Urusi: ni ajabu ya ufundi, lakini pahala pake ni makumbusho.

Tangu siku hiyo kisa hiki husimuliwa kama kwamba Knuth alipigwa mweleka. Mimi nauliza: tangu lini makumbusho yakawa pahala pa aibu? McIlroy alikuwa na haki katika alilolisema kuhusu kazi: anayetaka hesabu ya maneno jioni hii, apewe amri sita. Lakini Knuth hakuwa akiuza hesabu ya maneno. Alikuwa akionyesha namna ya kuandika. Tena yeye, pamoja na marefu yake yote, alimweleza msomaji kila hatua. Kosa la wasimulizi ni kudhani kwamba uwanja ni mmoja na mshindi lazima awe mmoja. Mashua ya ngalawa haishindani na mlango wa Zanzibari uliochongwa. Kila kimoja kina siku yake na pahala pake.

Nimefika sasa penye hoja nzito zaidi, ambayo washtaki wangeanza nayo lau wangekuwa makini: kwamba fumbo linaweza kudhuru. Hapo hawakukosea. Basi natuirejee sheria ya kitendawili.

Mtegaji hasemi fumbo lake ghafla. Hutangaza kwanza: “Kitendawili!” Wasikilizaji wasipojibu “Tega!”, kitendawili hakipo. Hiyo ni ridhaa. Kisha hutega, na watu hujaribu. Wakishindwa, humpa mji. Naye akishapewa mji hana hiari tena, ni lazima alitoe jawabu. Mambo matatu: tangazo, ridhaa, jawabu. Likiondoka moja, mchezo umevunjika. Mtegaji anayechukua mji akaondoka na jawabu lake ni mwizi mbele ya watoto wote wa barazani.

Wapimeni watunga mafumbo ya kompyuta kwa kipimo hicho. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Landon Curt Noll na Larry Bassel, walianzisha mashindano ya kimataifa ya programu zilizofumbwa katika lugha ya C. Waliingiwa na fikra hiyo baada ya kusoma, miongoni mwa mengine, matini ya sheli ya Bourne, ambaye aliigeuza C kwa vifupisho vyake mpaka ikafanana na ile ALGOL aipendayo, watu wa C wakabaki wameduwaa. Katika mwaka wa kwanza washindi wakuu, Sjoerd Mullender na Robbert van Renesse, walileta programu ambayo mwili wake ulikuwa orodha ya namba tupu. Mashindano hayo hutangaza waziwazi kwamba lengo lake, kwa njia ya kejeli, ni kuonyesha thamani ya kuandika vizuri. Anayesoma anajua anachosoma. Na kazi zinazoshinda huchapishwa pamoja na maelezo ya watunzi wake. Tangazo lipo, ridhaa ipo, jawabu lipo. Kitendawili kimetimia.

Upo mfano mwingine ulio mkali zaidi. Mwaka 2002 msanii wa Kitaliano ajulikanaye kwa jina la Jaromil aliitoa kama kazi ya sanaa skripti ya sheli yenye alama 13, pamoja na nafasi mbili zilizomo. Hamna herufi hata moja. Inafafanua kitendo ambacho jina lake ni nukta mbili, na kitendo hicho hakifanyi lolote ila kujiita chenyewe mara mbili. Na kila aliyeitwa akaita wawili, mpaka kompyuta isiyowekewa mipaka ikaelemewa na kusimama. Ikitundikwa ukutani katika maonyesho, ni utungo mfupi wa kutisha na mzuri: uzazi usiokoma ndani ya alama kumi na tatu. Ikipenyezwa katika kompyuta ya mtu asiyejua, ni uharibifu. Alama ni zilezile, na maana yake kwa mashine ni ileile. Kilichobadilika ni kama mtu alijibu “Tega!” au hakujibu. Basi wanaosema kwamba ubaya umo katika ugumu wa maandishi wakitazame kisa hiki tena. Ubaya haumo katika fundo. Umo katika kulifunga shingoni mwa mtu.

Na kitanzi cha kweli tumekiona. Mwezi Machi 2024 dunia ya kompyuta iliponea chupuchupu. Iko programu huria ndogo iitwayo xz, kazi yake ni kufinya mafaili, nayo imo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia aliisaidia kazi ya programu hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akapachika mlango wa siri. Na aliupachika kwa nini? Kwa skripti za sheli zilizofumbwa. Yalikuwapo mafaili ya majaribio ambayo ilidaiwa kuwa mojawapo liliharibika; kumbe skripti zilibadilisha baadhi ya alama zake kwa nyingine, zikaliponya, zikatoa ndani yake skripti ya pili, ambayo nayo ilikata vipande na kuviruka vingine mpaka mlango wenyewe ukajitokeza. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta ya mbali kumekuwa kukichukua takriban nusu sekunde zaidi kuliko ilivyo ada. Akachimba, na tarehe 29 Machi akautangazia umma.

Tazameni: mbinu ndizo zilezile. Kubadilisha alama, kukata, kupitisha katika bomba, kuficha maandishi ndani ya kinachoonekana uchafu. Mtunga mafumbo wa mashindanoni angezitambua zote. Lakini hapakuwa na tangazo, kwani faili lilijiita mbovu. Hapakuwa na ridhaa. Na jawabu lilikuwa ndilo lililofichwa. Mshtaki atasema: “Si unaona? Mchezo umezaa hila.” Nami namjibu kinyume chake. Hila haikufundishwa na wachezaji. Wachezaji ndio wanaofundisha jicho la kuiona. Aliyewahi kukaa usiku mzima akitengua skripti ya alama tupu hashtuki akikutana na nyingine pahala pasipostahiki. Mshairi aliyelelewa katika taarabu na mipasho hulisikia fumbo linapopita, hata likivaa mavazi ya pongezi. Asiyelelewa humo hupiga makofi anapotukanwa.

Hayo nimeyasema kwa upande wa utetezi. Lakini ukiwa na kipimo, ni lazima kikupime na wewe. Wapo katika watunzi hawa wanaouchukua mchezo wa usiku wakaupeleka kazini asubuhi. Fikirini ofisi ya wilaya yenye skripti ya kunakili kumbukumbu za mishahara. Aliyeitunga alikuwa kijana hodari; akajaza humo kila ujanja alioujua, mabano ndani ya mabano, majina ya herufi moja moja, wala hakuacha mstari mmoja wa maelezo. Akahama. Siku ya siku skripti ikasimama, na karani aliyebaki, mwenye watoto wanaosubiri mshahara wake kama wa wenzake, anaikodolea macho. Karani huyo hakusema “Tega!” Hakuitwa barazani. Ametegewa kitendawili akiwa na mzigo kichwani, na mtegaji ameshaondoka na mji. Brian Kernighan na P. J. Plauger walikwisha kuonya katika kitabu chao cha utunzi wa programu kwamba kulitafuta kosa ni kazi kubwa zaidi kuliko kuandika. Basi anayeandika kwa mwisho wa akili zake, kosa likitokea atalitafuta kwa akili zipi? Nami naongeza: na huyo anayelitafuta aghalabu si yeye.

Na sisi washairi tusitoke hapa tukijipongeza. Wapo miongoni mwetu wanaochimba maneno ya kale si kwa kuwa yana uzito, bali kwa kuwa hayafahamiki. Wakaulizwa maana, wakajibu kwamba shairi halielezwi. Huko ni kuchukua mji na kukataa kutoa jawabu. Wapo na waandishi wa mikataba na matangazo ya serikali wanaofumba mambo ya ardhi na kodi kwa lugha ambayo mkulima wa karafuu hawezi kuitengua, ilhali yeye ndiye atakayelipa. Huo si ufasaha. Ni ile xz iliyovaa koti na tai.

Tunayo sababu yetu wenyewe ya kulishughulikia jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili, kutokana na programu huria ambayo matini yake yamewekwa wazi kwa kila mtu. Uwazi huo ni neema, lakini kisa cha xz kimetufundisha kwamba kuwekwa wazi si sawa na kusomeka. Mafaili yale ya hila yalikuwa hadharani, na kila mwenye macho angeweza kuyafungua. Ni watu wangapi waliyafungua? Kinachohitajika ni wasomaji, na wasomaji wa namna hiyo hawapatikani kwa kuwapiga marufuku watoto wasicheze. Hupatikana kwa kuwategea, kuwaacha wahangaike, na kisha kuwapa jawabu.

Kwa hiyo nawataka washtaki wafute hukumu yao, au angalau waipeleke kwa anayestahiki. Mwacheni anayetunga skripti ya mistari arubaini ili kusema salamu, maadamu amesema mapema kwamba anacheza na amewaalika wanaotaka kucheza naye. Mkaripieni anayefanya vivyo hivyo katika kazi ya umma. Na anayefumba ili kuiba, mwiteni kwa jina lake, wala msimpe jina la mchezaji, kwani mkimpa hilo mmewadhulumu wachezaji wote, na washairi wakiwa wa mwanzo.

Tega nami nategua, fundo lako hadharani,
Mji wangu tachukua, nikishindwa mkekani,
Na jawabu kufungua, ni wajibu wa mneni,
Fumbo la kutoambiwa, ni kitanzi cha shingoni.

Mtunzi mwenye heshima, asizuiwe mchezo,
Na mwenye hila na njama, asipewe egemezo,
Gamba ni la kulisoma, si la kuficha kikwazo,
Fumbo la kutoambiwa, ni kitanzi cha shingoni.